Muulize Mjomba: Mawe tisa kwenye shimo la choo

Jamani toleo hili ni la mawe. Nilipanga kujibu maswali ya salfa ya mikorosho na lile la yule dada wa Nachingwea anayedaiwa na wenzie wa vikoba, ila kuna barua moja ya Tandahimba imenipa kazi, na kabla sijaijibu picha yake ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la wasomaji, basi kila mtu akawa na jiwe lake. Dada wa vikoba utanisamehe. Tuanze na barua yenyewe.

*Njomba shikamoo. Mimi mkulima wa korosho huku Tandahimba. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, tumefika kama kimo cha mtu hivi mara sululu ikagonga kitu. Sasa huku kwetu unajua ni mchanga mtupu, hata mafiga ya kupikia mtu unahangaika kuyapata, kwahiyo tukashangaa. Tukafukua kwa mkono taratibu tukakuta mawe tisa yamelala pamoja kama mtu kayapanga, membamba, yamebebana ubavu kwa ubavu, umbo kama jani la mwembe, ncha kali, mengine ya kijivu mengine meupe yanapitisha mwanga ukiyainua juani. Mdogo wangu kajikata kidole. Baba mkwe anasema hayo ni mawe ya radi tuyarudishe haraka kabla ya mvua. Jirani anasema hiyo ni alama ya Mjerumani, chini kuna rupia, tuendelee kuchimba. Juzi kaja jamaa na pikipiki toka mjini, sijui kasikia wapi, anatoa elfu hamsini kwa yote. Nisaidie njomba, haya ni mawe gani, bei yake ikoje, na nikiripoti serikalini hawatanichukulia shamba?*
— Mkulima, Tandahimba

Marahaba mpwa wangu, na mdogo wako mpe pole ya kidole. Kabla ya yote acha kuchimba, shimo lifunike na mabati au miti, mbuzi na watoto wasidumbukie, halafu rudi tuongee.

Picha nimeiona. Imepigwa jioni na kidole cha mtu kimeziba kona, lakini kwa kile kilichoonekana Mjomba hajaona radi wala Mjerumani, kaona vitu vya kuchongwa na mkono wa mtu. Sikuapii, maana mawe kama haya yanasomwa yakiwa mkononi na kwenye shimo lake, ila wewe mwenyewe unaweza kuyakagua sasa hivi, na kama hapo nyumbani kuna mama anayebangua korosho kwa mkono mwite akae karibu, ataelewa haraka kuliko mimi na wewe.

Si unajua mbanguaji hagongi korosho ovyo ovyo. Anailaza anavyotaka yeye, anajua pa kupiga, akikosea punje inapasuka vipande na bei inaanguka. Basi jiwe la namna hii nalo hivyo hivyo. Gumu kweli, lakini linapasuka kama kioo, na fundi akilipiga ukingoni kwa jiwe jingine, kwa pembe anayoijua, linaachia kigae chembamba chenye makali ya kunyolea ndevu. Kile kigae kwa upande wa ndani kinakuwa na kinundu pale karibu na palipogongwa, na kwenye hicho kinundu yanaanzia mawimbi mawimbi kama ya ganda la kombe la baharini. Jiwe mama linabaki na kishimo chake. Sasa chukua moja ya hayo ya kwako, ulitazame pande zote mbili kwenye mwanga wa kulala, asubuhi au jioni: kama uso wake wote umejaa vishimo vilivyopandana, vimetoka ukingoni vinaelekea katikati, kulia na kushoto vinalingana, na ukingoni kabisa kuna vidogo vidogo vimepangwa kama meno ya msumeno, hapo mtu alikaa chini akafanya kazi. Ile ya mwisho, ya vishimo vidogo, mara nyingi haikugongwa kabisa, fundi alibonyeza kwa ncha ya pembe au mfupa mpaka kigae kikaruka chenyewe.

Ila usilioshe. Usilisugue kwa brashi, usilitie mafuta ling'ae kwenye picha, maana kwenye makali hubaki uchafu ambao wataalamu wanausoma, nitakueleza chini.

Jina lake? Kiswahili chetu kina neno, gumegume, ingawa gumegume halisi ni lile linalozaliwa ndani ya chokaa laini nyeupe kama chaki, na Ulaya liko kwa wingi, ndo maana vitabu vyao kila kifaa cha mawe wanakiita hivyo. Kwetu mafundi wa kale walifanyia kazi walichokipata. Isimila kule Iringa kuna mashoka ya mkono, yale ya kushika bila mpini, ya itale, Oldupai walipasua mawe ya volkano, na sehemu nyingi za nchi hii walipasua kwazi, yale meupe kama kioo kichafu ambayo watoto wanagonganisha usiku yatoe cheche. Hayo yako meupe yanayopitisha mwanga huenda ni jamii hiyo, ya kijivu siwezi kusema.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kwenu ni mchanga mtupu, mafiga hupati. Mawe tisa hayajaota kwenye mchanga. Kuna mtu kayabeba kutoka mbali, akiwa na mzigo begani na pengine mtoto mgongoni, akafika hapo kwako kabla hapajawa kwako, akachimba, akayalaza moja moja ubavu kwa ubavu, akafukia akaenda zake. Hajarudi.

Na sio wewe wa kwanza kukuta kitu cha hivi kwa bahati. Mwaka 1874 huko Ufaransa, kijiji kinaitwa Volgu, vibarua waliokuwa wanachimba mfereji walikuta majani ya gumegume zaidi ya kumi yamekaa pamoja, lile refu kuliko yote lina kama sentimita 35 na unene wake haufiki sentimita moja. Sentimita 35, mpwa, hiyo ni rula ya shule na zaidi kidogo, na imechongwa na mtu ambaye hajawahi kuona chuma, karibu miaka 20,000 iliyopita. Mengi yamebaki mazima mpaka leo, na kwa wembamba ule ukichomea nyama ya kiboko linakatika mara moja, ndo maana wengi wanaona yalikuwa ya maonyesho au ya sadaka, fundi anajigamba. Halafu mwaka 1987 Marekani, jimbo la Washington, watu wanafukua mtaro wa bomba la maji kwenye bustani ya matofaa wakakuta ncha za mikuki za mawe, nyingine zina sentimita 23, za watu wa miaka kama 13,000 iliyopita. Na mwaka 2008 mji wa Boulder, jimbo la Colorado, jamaa wa kutengeneza bustani za nyumba alipiga koleo kwenye uwanja wa mteja wake ikalia kama ya kwenu, chini kukatoka vifaa 83 kwenye kishimo kisichozidi boksi la viatu. Mwenye nyumba akapiga simu chuo kikuu. Wakavipima, kwenye makali ya baadhi yake wakakuta mabaki ya protini za damu ya farasi na ngamia, wale wa zamani ambao Amerika walishatoweka miaka mingi sana. Huo ndo uchafu niliokwambia usiuoshe.

Kwa nini wanafukia? Wengine watakwambia ni sadaka, na ya Volgu mimi nakubali. Ila kwa mengi Mjomba anaona ni kama tunavyofanya sisi. Nani anabeba jembe, panga na mundu kila siku toka shamba la mbali mpaka nyumbani? Unaficha kwenye kichaka, unaweka alama yako, kesho unakuta. Mtu wa kuwinda anayezunguka na misimu, akijua pahala fulani hapana mawe, anaweka akiba hapo ili mwakani akipita na mkuki uliovunjika asihangaike. Ni ghala. Ukitazama hivyo, mchanga wenu usio na jiwe ndo sababu yenyewe ya kuweka mawe.

Kwahiyo turudi kwa jamaa wa pikipiki. Elfu hamsini gawa kwa tisa ni elfu tano na mia tano na chenji, hata mfuko wa mbolea hupati. Lakini sikukatazi kwa sababu ya udogo wa bei, maana kesho anaweza akaja na laki tano. Jiwe moja likitolewa hapo likauzwa, tunabaki na jiwe zuri la kuwekea karatasi zisipeperuke. Tisa yakiwa palepale yalipolazwa, lipi juu lipi chini, ncha zimeelekea wapi, kina gani, mchanga wa rangi gani, hapo tuna habari ya mtu. Hiyo jamaa hawezi kuibeba kwenye boksi lake, na nyie mkishavuruga hamuwezi kuipanga tena. Nimesikia mmeshatoa mawili. Sawa, yawekeni kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi au kitambaa safi yasigonganishane, na uchore kwenye daftari yalikaa wapi kabla hujasahau, hata kama mchoro wako ni wa kuku.

Na kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inasema kitu kilichotengenezwa na binadamu hapa kabla ya mwaka 1863 ni mali ya kale, ukikikuta unatakiwa kutoa taarifa, na kuuza au kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, uende nayo kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na yeye anawasiliana na Idara ya Malikale au Makumbusho ya Taifa. Pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana watu wa akiolojia, hiyo ndo kazi yao. Kuhusu shamba, sheria inampa waziri mamlaka ya kutangaza eneo kuwa hifadhi, nisikufiche, ila kutoa taarifa ya mawe tisa sio kutangaziwa hifadhi kesho yake, mara nyingi watu wanakuja, wanapima, wanachora, wanachimba kipande kidogo wanaondoka. Mwombe mtendaji akupe nakala ya kila karatasi. Hilo nakwambia kama mjomba.

Baba mkwe umsalimie sana na umwambie hayuko peke yake. Ulaya nao miaka na miaka wakulima waliokuta mashoka ya mawe mashambani walisema yameanguka na radi, wakayachomeka kwenye paa ili radi isipige nyumba mara mbili, na Wayoruba kule Nigeria mawe hayo wanayahusisha na Shango, mungu wao wa radi. Mzee ana wenzie wengi. Jirani wa rupia ndo simuelewi. Miaka yote kusini kila kitu kikionekana chini ni Mjerumani, watu wamechimbua mpaka misingi ya nyumba za watu, na Mjerumani mwenyewe alivyokuwa anabanwa vitani mwaka 1916 alikuwa anafyatua sarafu za dhahabu Tabora, sio Tandahimba.

*Mwanangu Mjomba, hujambo. Mimi ni bibi wa Mikindani, mjukuu wangu ndo ananiandikia. Marehemu babu yao aliacha kikopo cha bati, ndani mna vijiwe vyeusi vidogo kama kumi na mbili, vyote saizi moja, kama jino la mtu kubwa, vya mraba, upande mmoja umechongoka. Kimoja kimefungwa kipande cha ngozi. Tulipoona picha ya Tandahimba wajukuu wanasema na sisi tuna mawe ya watu wa kale. Ni kweli?*

Shikamoo bibi. Sijambo kabisa, na mjukuu anaandika vizuri, mpe soda kwa niaba yangu.

Bibi hivyo ni vya kale lakini sio vya kale ile. Kile kipande cha ngozi ndo kimenipa jibu. Hizo nadhani ni gumegume za bunduki, zile gobori za zamani ambazo hazikuwa na fataki. Kijiwe kinabanwa kwenye mdomo wa nyundo ya bunduki, kinafungiwa ngozi au risasi laini kisiteleze, ukivuta kinapiga chuma, cheche zinaruka kwenye baruti, ndo inalia. Kijiwe kimoja hakidumu, makali yanakufa, kwahiyo mwenye bunduki anatembea na akiba kwenye kikopo. Babu, au babu yake babu, alikuwa mtu wa tahadhari.

Na uzuri wake ni kwamba hivi vinaweza kuwa gumegume halisi, iliyotoka Ulaya kwa meli. Vyeusi vilichongwa sana mji mdogo wa Brandon, mkoa wa Suffolk, Uingereza, vya rangi ya asali vilitoka Ufaransa kule Meusnes. Wale wa Brandon waliendelea na kazi hiyo mpaka karne ya 20 ilipoingia, bunduki za kisasa zimeshajaa kwao, na wateja wao wakubwa wakawa Afrika. Fikiria tu, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyokuwa inashuka toka Ziwa Nyasa kuja Kilwa, Lindi na hapo Mikindani kwenu ilitembea na bunduki za namna hiyo, na kila bunduki ilihitaji kijiwe. Kijiwe kimevunjwa Suffolk kwa nyundo ya chuma, kimevuka bahari, kimelala kwenye kikopo cha bati uvunguni.

Usivitupe bibi na usimpe mtu wa minada. Mjukuu apige picha moja moja ikiwa na rula pembeni, na aandike jina la babu na alikotokea kabla hujachoka kumsimulia.

*Mjomba sisi ni mafundi wa machimbo ya moramu huku Ruangwa. Hizo picha mnazotusumbua nazo sisi mawe kama hayo tunayaona wiki nzima, yana makali pande mbili, tunayatupia kwenye mashimo ya barabara lori lisikwame. Kuna hela tumepoteza?*

Hela sijui, ila mna wenzenu na wao ni maarufu. Mwaka 1797 bwana mmoja John Frere alipita kijiji cha Hoxne, Suffolk hiyo hiyo ya bibi wa Mikindani, akakuta wafyatua matofali wamechimba udongo mpaka futi 12 kwenda chini na huko wanakutana na mawe yaliyochongwa pande mbili yakawa na ncha. Akauliza, akaambiwa ooh haya mengi tu, tulikuwa tunayamwaga vikapu kwa vikapu kwenye mashimo ya barabara. Mashoka ya mkono ya miaka kama 400,000, yamefukia mashimo ya barabara! Frere akaokoa machache akaandika barua kwa chama cha wasomi London kwamba haya ni ya watu wasiojua chuma, wa zamani sana hata kuliko dunia tunayoijua. Hawakumjali kwa zaidi ya miaka 60.

Nyie mkiona jingine liko zuri, ukubwa wa kiganja, limechongwa pande zote kama chozi, limwekeni pembeni, mlipige picha likiwa bado ukutani kwenye udongo, mmwambie msimamizi. Mengi yatakuwa mawe ya kawaida yaliyopasuliwa na buldoza, usinielewe vibaya. Tingatinga nalo ni fundi.

*Kaka mimi sikubaliani nawe. Jiwe linaweza kupasuka lenyewe kwenye mto, kwa jua, kwa moto. Hawa wasomi wanaona jiwe limechongoka wanasema binadamu wa kale. Unatudanganya.*
— Mbishi wa Lindi Mjini

Mbishi una haki nusu, na nusu hiyo sio ndogo. Uingereza kulikuwa na muuza duka wa kijiji cha Ightham, Benjamin Harrison, mtu mzuri tu, alijaza nyumba mawe akiamini ni vifaa vya watu wa kwanza kabisa, maprofesa wakagombana miaka na miaka, mwishowe ikaonekana mengi yamevunjwavunjwa na ardhi yenyewe, mawe yakisagana chini ya uzito. Na mwaka 2016 ikatoka habari ya tumbili wa Brazil, wanagonganisha mawe kwa starehe zao, vinaruka vigae vyenye kinundu na kila kitu, ukivitia kwenye boksi na vya Oldupai unachanganyikiwa. Tumbili hata haviangalii, anaramba vumbi la jiwe anaenda zake.

Ndo maana kigae kimoja barabarani Mjomba hakushangai. Lakini majani tisa yaliyochongwa pande mbili, yamelazwa pamoja, kwenye mchanga ambao hauna mawe? Niletee mto uliofanya hivyo nikununulie pweza.

*Mwalimu wetu alisema mifupa ya Tendaguru ni ya zamani kuliko yote. Je hao watu wa mawe waliwinda wale wanyama wakubwa? Na wanajuaje miaka ya jiwe wakati jiwe ni jiwe tangu dunia ianze?*
— Kidato cha Tatu, Masasi

Maswali mawili kwa stempu moja, haya.

La kwanza hapana, na tofauti yake inatisha. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, yaani dinosaria, hapo Lindi, ina miaka kama milioni 150. Vifaa vya mawe vya zamani kuliko vyote vilivyojulikana mpaka leo ni vya Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana, Kenya, vina miaka milioni 3.3, navyo vilipatikana mwaka 2011 kwa sababu gari la watafiti lilikosea njia wakaamua wapande kilima waangalie wako wapi. Kwahiyo toka mjusi wa Lindi afe mpaka mtu wa kwanza agonge jiwe imepita zaidi ya miaka milioni 140. Hawakuonana. Ila Tendaguru nayo ilianza kwa bahati, mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani wa mambo ya madini akakutana na mfupa mkubwa umetokeza njiani, na kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wa kusini wakachimba chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, mizigo ikabebwa kichwani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Jina la Boheti ulikumbuke, mwanafunzi, maana kule Berlin mjusi amesimama mita 13 na zaidi na watu wanapiga picha, hawajui aliyemchimbua.

La pili ni zuri mno. Ni kweli, jiwe lenyewe lina umri wake tangu liumbike na hatuulizi huo, tunauliza lini limegongwa. Kwahiyo wanapima jirani zake. Kukiwa na mkaa au mfupa pembeni wanapima kwa radiokaboni, yaani kaboni inayopungua taratibu kwenye kitu kilichokuwa hai, ila hiyo inaishia kama miaka 50,000 nyuma. Jiwe likiwa lilianguka motoni linaweza kusema mara ya mwisho kuungua ni lini. Na kama hakuna mkaa wala moto, kuna mchanga. Punje ya mchanga ikiwa gizani chini ya ardhi inakusanya nguvu kidogo kidogo toka kwenye miale ya udongo unaoizunguka, ikiona jua inaimwaga yote inaanza upya. Basi mtaalamu anapigilia bomba kwenye ukuta wa shimo, anaziba ncha zote mbili, anaenda nalo maabara yenye taa nyekundu hafifu kama chumba cha kusafishia picha cha zamani, wanaipiga punje mwanga na kupima inavyowaka. Wanapata lini iliona jua kwa mara ya mwisho. Sasa unaelewa kwa nini nilimwambia wa Tandahimba afunike shimo, kila siku watoto wanapokwangua zile kuta mchanga wa ndani unachanganyika na wa juani.

Na kabla hujaniuliza kama na nyie mnaweza kwenda kutafuta, nikwambie. Isimila yenyewe ilijulikana mwaka 1951, mwanafunzi wa shule ya Johannesburg alipita akaokota vifaa korongoni, na baadaye ndo wakaja wachimbaji wenyewe. Ila nyie msiokote. Pigeni picha, andikeni mahali, mwambieni mwalimu.

Tulishataka kufunga ukurasa ndo ikaingia hii:

*Njomba ni mimi tena wa Tandahimba. Nimeenda kwa mtendaji, barua nimepata, afisa utamaduni kasema atakuja na watu, tusubiri. Jamaa wa pikipiki kapiga simu mara nne, sijapokea. Shimo nimeezeka mabati mawili ya jikoni. Tatizo sasa ni mama mkwe, kaja jana, kauliza choo kiko wapi, nikamwonyesha mabati. Ananiangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Nifanyeje?*

Chimba kingine mpwa, upande wa pili wa nyumba, mbali na hapo, kabla mama mkwe hajarudi kwake kusimulia. Na chimba kwa koleo, sululu iache ndani.